Mgeni Hupokelewa Barazani

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Leo nina swali moja: mazingira ya kuandikia programu yajengwe vipi ili mtu asiyekujua, miaka 15 baadaye, aongeze chake bila kubomoa chako?

Tuanze na GNU Emacs, kihariri (programu ya kuandikia msimbo) cha mwaka 1985. Sehemu kubwa yake imeandikwa kwa Lisp, lugha ya programu ileile unayoitumia kuibadilisha. Ukitaka kitufe kifanye kazi nyingine, unaandika mstari mmoja au miwili, unauendesha, na kitufe kimeshabadilika bila kuzima chochote. Naupenda sana uhuru huo. Ila nyumba isiyo na milango ya ndani ina taabu yake: plagini yoyote, yaani kipande cha programu kilichoongezwa na mtu mwingine, inashika chochote, na ikikwama, umekwama nayo.

Waliojenga Eclipse, mazingira mengine ya kuandikia programu, ambayo IBM iliyafungua kwa umma mwaka 2001, walifanya kama wazee wetu wa pwani: mgeni hupokelewa barazani. Kila plagini huja na faili ndogo, plugin.xml, inayotaja menyu na vidirisha ilivyo navyo. Eclipse huisoma hiyo, ikachora menyu. Msimbo wenyewe haiupakii mpaka ubonyeze. Hapo pana akili nyingi. Una plagini 200, leo unatumia 6; hizo nyingine zijaze kumbukumbu za nini?

Visual Studio Code, kihariri cha mwaka 2015, kikaziweka plagini katika mchakato wao peke yao, yaani programu inayoendeshwa kando na kihariri chenyewe. Moja ikianguka, wewe unaendelea kuandika. Vijana hulalamika kwamba plagini haziruhusiwi kugusa kila kitu kwenye skrini. Mimi nawatetea waliokataa: unachomruhusu mgeni akishike leo, kesho huwezi kukihamisha.

Halafu ikaja hesabu. Kila kihariri kilihitaji kufundishwa kila lugha ya programu: vihariri 10 kwa lugha 20 ni kazi 200. Mwaka 2016 ikatangazwa Language Server Protocol, kanuni za mazungumzo: kila lugha ina seva yake, yaani programu inayoijua lugha hiyo, kila kihariri kinajua kuongea na seva, kazi zinabaki 30. Kihariri kinauliza: "Faili hii, mstari wa 12, herufi ya 7, jina hili limefafanuliwa wapi?" Seva inajibu kwa faili na namba ya mstari. Kihariri hakina haja ya kuijua Python.

Na Emacs ile ile? Toleo la 29, mwaka 2023, limekuja na Eglot ndani yake, ya kuongea na seva hizo hizo. Eglot imeandikwa kwa Lisp.