Kaboni Mbele ya Leza, Kaboni Mbele ya Eksirei

Ndugu zangu, sitawarudisha kwenye picha za C60, yaani fulereni, ile molekuli ya kaboni yenye umbo la mpira, na mirija nano ya kaboni. Mmeziona hadi zimewachosha. Nimekuja na ugomvi wangu uleule, na waliokwisha kunisikia wanivumilie. Ugomvi ni huu: kuna watu wanaotuambia kuwa chembe nano za kaboni, yaani chembe ndogo mno, huongeza dozi ya mionzi ndani ya uvimbe. Ukiwauliza huongezaje, wanakuonyesha grafu.

Haya, tupige hesabu. Eksirei za nishati ndogo, tuseme kiloelektronivolti 30, atomu huzinasa kwa kiasi kinachopanda takriban kwa kipeo cha tatu cha namba ya atomu. Dhahabu ni 79. Hafni ni 72, na ndiyo maana hafni oksidi ilipata idhini Ulaya mwaka 2019, idungwe ndani ya uvimbe kabla ya mionzi. Kaboni ni 6! Oksijeni iliyo kwenye maji ya mwili ni 8. Kwa hiyo, gramu kwa gramu, kaboni inanasa eksirei hizo nusu tu ya zinavyonaswa na maji. Umedunga kitu kinachonasa kidogo kuliko nyama yenyewe, halafu unadai umeongeza dozi. Na hapo bado hatujafika kwenye mashine za hospitali. Kobalti-60 inatoa gama za megaelektronivolti 1.17 na 1.33, na linaki, zile mashine za kuongeza kasi ya elektroni ili zitoe eksirei, nyingi huendeshwa kwa megavolti 6. Huko kinachotawala ni mtawanyiko wa Compton, yaani mionzi kugonga elektroni na kuruka pembeni, ambao haujali sana namba ya atomu. Hata dhahabu huko inapoteza sehemu kubwa ya ubora wake, sembuse kaboni.

Najua kuna mtu hapo nyuma anataka kuniuliza: mbona panya wa majaribio waliodungwa kaboni na kupewa mionzi walipona? Walipona, sibishi. Nabishana na sababu. Huenda kaboni ilikuwa hamali tu, imebeba dhahabu, gadolini au dawa. Huenda ilibaki na chuma au nikeli ya kichocheo kilichotumika kuitengeneza, kwa sababu haikuoshwa sawasawa kwa asidi, na metali hiyo ikazalisha radikali huru, yaani molekuli kali zinazoharibu seli. Au, na hili ndilo la kawaida, walimulika leza kwanza, kaboni ikafyonza mwanga na kuupasha uvimbe joto. Uvimbe ukipashwa hadi nyuzi 41 hadi 43, damu hupita zaidi, oksijeni huongezeka, na seli hushindwa kukarabati DNA iliyokatika. Mionzi ikifuata ndani ya saa chache, inakuta adui amefungwa mikono. Hilo ni joto, si dozi. Ukiahirisha mionzi hadi kesho yake, faida kubwa imekwisha.

Njia ya kujua ipo, ila ni ghali: vikundi 8. Chembe, leza, mionzi. Kila kimoja kipo au hakipo, katika kila mchanganyiko. Kikundi kinachorukwa mara nyingi ni cha chembe na mionzi bila leza, yaani kilekile ambacho kingejibu swali. Tena jihadharini na fulereni zenye haidroksili (vikundi vya OH) nyingi: hizo hufyonza radikali huru, na zimechunguzwa kama kinga dhidi ya mionzi. Ukizipeleka kwenye uvimbe, unaweza kuwa unaukinga.

Kwenye mwanga, kaboni ni mfalme, hapo sina neno. Inafyonza mwanga wa infraredi wa urefu wa wimbi wa nanomita 808 na karibu nishati yote inageuka joto. Lakini acheni kuniandikia "leza ya wati 1" bila upana wa doa. Wati 1 kwenye doa la kipenyo cha sentimita 1 ni wati 1.27 kwa sentimita mraba. Kwenye doa la milimita 5 ni zaidi ya wati 5 kwa sentimita mraba. Kikomo cha ngozi kwa viwango vya Marekani, kwa nanomita 808, ni wati 0.33 hivi kwa sentimita mraba. Mnampitisha panya kikomo mara nne, mara kumi na tano, kisha mnasema njia ni salama kwa binadamu? Hamieni nanomita 1064, kikomo kinafika wati 1, na kutawanyika kwa mwanga kunapungua.

Joto nalo mnalipimaje? Kamera ya infraredi inaona ngozi tu. Waya wa themokapo, kile kipimajoto cha metali, ukiuchomeka kwenye njia ya leza, wenyewe unapata moto na kukudanganya. Tumieni kipimajoto cha nyuzi za kioo, kichomekwe chini ya uvimbe, si juu.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Tiba ya mwanga na oksijeni nilitaka kuipa nusu saa. Niseme tu kwamba oksijeni singleti, ile oksijeni kali inayozalishwa na mwanga na kuua seli, haifiki mbali, ni makumi ya nanomita ndani ya seli, na uvimbe usio na oksijeni hautoi kitu hata umulike hadi usiku. Suala la sumu naliruka, ila mirija nano ya kaboni aina ya MWCNT-7 imo kundi 2B la saratani, yaani huenda inasababisha saratani kwa binadamu, tangu 2014, msiisahau.

Na kabla ya kudunga chochote mshipani: changanyeni chembe na maji ya chumvi ya asilimia 0.9 pamoja na seramu, si maji yaliyokenekwa peke yake, ziacheni saa 24 kwa nyuzi 37. Kukiwa na mashapo chini ya kichupa, msidunge. Yataganda kwenye mapafu ya panya, na mtaandika kuwa kaboni ina sumu.