Seronera: Pundamilia Wakiwa Njiani, Ndege Inasubiri

NEEMA: Karibuni tena kipindini. Kaka Baraka, naona vumbi la Serengeti bado liko kwenye viatu.

BARAKA: Liko, dada, na sina haraka ya kulifuta. Safari hii nilitua Seronera, katikati kabisa ya hifadhi. Kwa gari kutoka Arusha ni siku nzima ukipitia Ngorongoro. Kwa Caravan, ile ndege ya injini moja, ni kama saa moja tu.

NEEMA: Na mizigo?

BARAKA: Kilo 15, tena kwenye begi laini. Nilidhani wanatusumbua, mpaka nilipoona wanavyopakia. Mabegi yanasukumwa ndani ya kontena lililoshikizwa chini ya tumbo la ndege. Sanduku gumu halikunjiki, halikai. Halafu Seronera iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Jua likiwaka hewa inakuwa nyepesi, na ndege inahitaji njia ndefu zaidi ili inyanyuke. Kilo yako moja rubani anaihesabu.

NEEMA: Haya, tueleze mlivyotua.

BARAKA: Tunashuka, naiona njia ya changarawe, nakiona kifuko cha upepo, mara rubani akainyanyua ndege tena. Moyo ulinienda mbio! Kuchungulia chini, pundamilia kama kumi wamesimama katikati ya njia. Gari likatoka pembeni, likawafuata polepole, bila honi.

NEEMA: Mbona bila honi?

BARAKA: Ukiwashtua wanatawanyika, na mmoja anaweza kurudi njiani wakati magurudumu yanagusa ardhi. Yule dereva aliwasogeza wote upande mmoja, akabaki kati yao na njia. Tukazunguka, tukatua salama.

NEEMA: Nyika yote ile, kwa nini waje pale?

BARAKA: Nyasi, dada. Kando ya njia zinafyekwa, zinachipua changa. Tena ni mahali peupe, simba hana pa kujibanza. Swala na pundamilia wanapapenda mno. Kazi ileile ya kukiweka kiwanja safi ndiyo inayowaita.

NEEMA: Na hatari nyingine iko juu. Michael Grzimek na baba yake, Bernhard, Wajerumani, walihesabu wanyama wa Serengeti kwa ndege iliyopakwa mistari ya pundamilia. Januari 1959 Michael aligongana na tumbusi angani, ndege ikaanguka. Alikuwa na miaka 24.

BARAKA: Kaburi lake liko ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Nilipita, nikasimama. Baba yake naye amezikwa hapohapo.

NEEMA: Mimi huumia nikisikia viwanja hivi vinaitwa vya watalii tu. Mpishi wa kambi akizidiwa, askari wa hifadhi akijeruhiwa, atatolewaje haraka?

BARAKA: Ndege ya wagonjwa inatua kwenye changarawe ileile. Kwa hiyo yule mwenye gari anamlinda mgeni, anamlinda pundamilia, anamlinda na mwenzake wa kazini. Kwangu mimi ana uzito sawa na rubani.

NEEMA: Ulimwambia?

BARAKA: Nilimfuata, nikampa mkono. Akaupokea, lakini macho yalikuwa angani. Ndege nyingine ilikuwa inakuja, na pundamilia wawili walikuwa wamesharudi.