Zabibu za Axarquía, na Masomo Matano Yaliyobaki Mezani

IDRISA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Leo tumepanga kuzungumzia mambo matano ambayo mwendesha baiskeli ya milimani anapaswa kuyajua kabla hajaingia katika nchi ya mizabibu na miji mikongwe ya kusini mwa Hispania, na orodha yenyewe ninayo hapa mezani. Lakini kabla hatujaigusa, dada Mwanahawa atueleze ile picha aliyonitumia Jumanne, maana niliifungua nikiwa kazini na nikamjibu kwa kumpa pole ya msiba.

MWANAHAWA: Nami nilikuwa nimesimama katikati ya mteremko, jasho linanitiririka, nikasoma "Mwenyezi Mungu awape subira" nisijue ni nani aliyefariki.

IDRISA: Ungekuwa mimi ungesemaje? Mlima mkavu, na juu yake vitanda virefu vya udongo vimelala sambamba, kila kimoja kikiwa na ukuta mdogo wa pembetatu uliopakwa chokaa upande wa kichwani. Hayo ni makaburi, dada, na wasikilizaji watakaoiona picha hiyo wataniunga mkono.

MWANAHAWA: Ni vitanda vya kuanikia zabibu, kaka Idrisa. Wenyewe wanaviita paseros, na nilikuwa juu ya kijiji cha Almáchar, katika wilaya ya Axarquía, mashariki mwa mji wa Málaga. Vitanda hivyo vimeinamishwa kuelekea kusini ili jua livipate tangu asubuhi hadi jioni, na huo ukuta wa pembetatu ndio unaoshikilia turubai linalofunikwa usiku ili umande usiozeshe mavuno. Mwishoni mwa Agosti vishada vya zabibu aina ya Moscatel hulazwa humo kimoja kimoja, vikageuzwa upande wa pili baada ya siku kadhaa, na huchukua kati ya wiki moja na tatu kukauka, kwa kutegemea hali ya hewa.

IDRISA: Vimelazwa, vimeelekezwa upande mmoja, vimefunikwa. Unazidi kunipa ushahidi. Haya, tuanze somo la kwanza, ambalo ni uchaguzi wa njia.

MWANAHAWA: Njia nitaieleza kwa ufupi. Nilianzia pwani, Rincón de la Victoria, alfajiri, kabla jua halijakolea, nikapanda kupitia Benagalbón hadi Moclinejo, kisha Almáchar, El Borge, Cútar, na kumalizia Comares, kijiji kilichokaa juu ya jabali kwa kimo cha takriban mita 700. Kwenye ramani mtu ataona ni mwendo mfupi. Ramani haisemi kwamba kila kijiji kimejificha katika bonde lake, kwa hiyo unapanda, unateremka ukipoteza kimo chote ulichokitolea jasho, na unaanza upya. Nje ya barabara ya lami kuna vijia vya zege ambavyo wakulima wamevimwaga ili wafike mashambani, na miinuko yake ni ya kutisha kiasi kwamba gurudumu la mbele huanza kunyanyuka ukikaa vibaya kwenye kiti.

IDRISA: Je, ulisukuma?

MWANAHAWA: Mahali fulani nilisukuma, na sioni haya. Mteremko unaomlazimisha mkulima kutumia baghala kubeba makreti ya zabibu hadi leo, kwa sababu trekta lingebingirika, hauwezi kunidai mimi heshima zaidi ya hiyo. Ardhi yenyewe ni mawe ya sleti, vipande bapa vyenye makali, vinavyoteleza chini ya tairi unapofunga breki.

IDRISA: Hapo ndipo somo la pili lilipokuwa linaanzia, yaani matairi.

MWANAHAWA: Subiri nimalizie kuhusu zabibu, kwa sababu sijafika kwenye mkasi.

IDRISA: Kuna mkasi pia.

MWANAHAWA: Kuna mkasi. Nilimkuta mzee mmoja na binti yake wamekaa kwenye viti vya chini kivulini, kishada kilichokauka mkononi, wanakata zabibu moja baada ya nyingine kutoka kwenye kikonyo kwa mkasi mdogo. Hawazichomoi kwa vidole, kwa kuwa ngozi ikichanika zabibu huharibika na bei hushuka. Walinipa kiti na mkasi bila kuniuliza. Kila nilipokata, mzee alikuwa akiitazama kazi yangu, akiikata upya, kisha akinipa kishada kingine. Zabibu zile ni kubwa, nyeusi zenye wekundu kidogo, zina mbegu ndani, na ukizitafuna mbegu zinasagika kwenye meno huku nyama yake ikibaki laini kama uji mzito wa asali. Zinahitajika takriban kilo 4 za zabibu mbichi kupata kilo 1 ya zabibu kavu, na kilo hiyo moja imepitia mikononi mwa watu mara nyingi kuliko chakula kingine chochote ninachokula.

IDRISA: Wasikilizaji walituandikia wakiuliza dada Mwanahawa, ambaye hanywi, ana shughuli gani katika mashamba ya mizabibu. Nadhani wamejibiwa.

MWANAHAWA: Wajibu wangu ni kuwakumbusha kwamba kuna Mwislamu mwingine aliyewahi kuzisifu zabibu za Málaga. Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, jambo ambalo kila mwanafunzi wa historia wa pwani yetu amelisikia, lakini wachache hukumbuka kwamba mnamo 1350 mtu huyo huyo alivuka bahari kutoka Morocco akaingia Andalus, yaani Hispania ya Waislamu. Katika soko la Málaga alistaajabia jinsi zabibu zilivyokuwa nyingi na rahisi. Huko Ronda alimkuta binamu yake akiwa kadhi wa mji, na alipoondoka Ronda kuelekea Marbella alilalamika kwamba njia ni mbaya na yenye mawe.

IDRISA: Mtu aliyezunguka nusu ya dunia akailalamikia njia ile! Na wewe ukaichagua kwa hiari yako mwaka jana, ukanikokota na mimi.

MWANAHAWA: Ukaniambia nawe kwamba ulifurahi.

IDRISA: Nilisema hivyo tukiwa tumeshafika. Tuendelee, dada, muda unakwenda. Somo la pili.

MWANAHAWA: Kijiji cha Cútar kwanza, kwa sababu kinahusu miji mikongwe, nayo imo katika orodha yako. Mwaka 2003 mafundi waliokuwa wakikarabati nyumba pale walibomoa ukuta wakakuta hati za Kiarabu zimefichwa ndani yake, mojawapo ikiwa ni msahafu ulioandikwa kwa mkono. Zilikuwa zimefichwa tangu takriban mwaka 1500, wakati Waislamu walipolazimishwa kubatizwa baada ya dola ya Kiislamu ya Granada kuanguka mwaka 1492. Aliyeziweka humo bila shaka alitarajia kurudi kuzichukua. Mimi nilifika pale nimeishiwa maji, nikaegemeza baiskeli kwenye ukuta mweupe, na kwa dakika kadhaa nilikuwa naogopa hata kuugusa.

IDRISA: Hilo sikulijua. Hilo ni zito.

MWANAHAWA: Ndiyo maana nasema baiskeli ya milimani ndiyo chombo cha kufaa. Basi la watalii haliingii Cútar.

IDRISA: Sawa, na hapo ndipo ninapotaka kukuuliza jambo. Mashamba hayo yanapungua, siyo? Mwenyewe uliniandikia kwamba mabonde ya chini yamejaa miembe na miparachichi.

MWANAHAWA: Yamejaa. Embe na parachichi hulipa vizuri zaidi, ingawa hunywa maji, na bwawa la La Viñuela linalozinywesha lilikauka katika ukame uliopita hadi likabaki chini ya sehemu moja ya kumi ya ujazo wake. Mzabibu wa mlimani haumwagiliwi, unaishi kwa mvua. Lakini unahitaji mikono, na vijana wamekwenda kufanya kazi hotelini pwani. Pigo la kwanza lilikuwa filoksera, mdudu mdogo anayekula mizizi, aliyegunduliwa hapo hapo Moclinejo mwaka 1878. Kabla yake mkoa wa Málaga ulikuwa na zaidi ya hekta 100,000 za mizabibu. Tiba ilipatikana baadaye, ya kupandikiza mzabibu wa kienyeji juu ya shina la Kimarekani ambalo mdudu haliwezi, lakini kwenye miteremko mingi hakuna aliyerudi kupanda.

IDRISA: Basi mimi nasema waendesha baiskeli ndio watakaoyaokoa yaliyobaki. Tazama Vía Verde de la Sierra tuliyoipita, ile njia ya reli kati ya Olvera na Puerto Serrano, kilomita 36, mahandaki 30, reli iliyochimbwa na isipitwe na treni hata moja. Ilikaa imetelekezwa miaka na miaka. Leo stesheni zake zimekuwa hoteli na migahawa, watu wanakuja kuwatazama tumbusi kwenye jabali la Zaframagón, na kijiji kinapata riziki kutokana na magurudumu mawili. Kwa nini isiwezekane Axarquía?

MWANAHAWA: Kwa sababu reli haina mkulima. Vía Verde ni njia tambarare iliyokwisha kulipiwa, na anayefaidika ni mwenye mgahawa. Mwendesha baiskeli akipita Almáchar hununua kahawa moja, chupa ya maji, hupiga picha ya vitanda vya zabibu ambavyo wewe unaviita makaburi, kisha huondoka. Yule mzee wa mkasi haongezewi hata senti kwenye kilo.

IDRISA: Wewe hukununua zabibu?

MWANAHAWA: Nilinunua, mfuko mmoja, kwa kuwa mgongoni haukuingia wa pili! Huo ndio uchumi wa baiskeli, kaka.

IDRISA: Lakini mfuko huo umekufanya uzungumze juu ya Almáchar tangu tulipoanza, na maelfu wanakusikiliza. Na Ronda je? Mizabibu ya Ronda nayo iliangamizwa na filoksera, ikaanza kurejea miaka ya 1980 kwa mkono wa watu waliotoka nje ya mkoa, na leo kuna viwanda vya mvinyo zaidi ya 20 ambavyo hupokea wageni, baadhi yao wakija kwa baiskeli na kulala huko huko.

MWANAHAWA: Walikuja na mitaji wakapanda mizabibu. Hawakuja na kofia za baiskeli. Nami nitakutajia mji ulio jirani na Ronda, Setenil de las Bodegas. Jina lake linataja maghala ya mvinyo, nyumba zake zimejengwa chini ya miamba inayoning'inia juu ya mtaa, na mchana huwezi kupita kwa wingi wa wageni. Wageni wapo tele, lakini mizabibu iliyoupa mji jina lake iko wapi? Mgeni hakuirudisha, alijaza nafasi yake.

IDRISA: Bila wageni Setenil ingekuwa magofu.

MWANAHAWA: Pengine. Lakini usiniambie kwamba huko ni kuokoa shamba. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, limeutambua mfumo wa zabibu za Axarquía kuwa urithi wa kilimo wa dunia, na hata heshima hiyo haimleti kijana mlimani mwezi wa Agosti. Kitakachomleta ni bei.

IDRISA: Na bei inapandishwa na watu wanaoijua bidhaa, na wataijuaje wasipofika?

MWANAHAWA: Kwa kuikuta dukani imeandikwa ilikotoka, na kukubali kuilipia mara mbili ya zabibu za kawaida. Si lazima mtu apande baiskeli.

IDRISA: Sikubaliani nawe kabisa.

MWANAHAWA: Wala mimi nawe.

IDRISA: Basi wasikilizaji mmetusikia. Mwezi ujao kundi letu la Jumapili linapanga safari ya huko, na nitawaongoza kupitia vijiji hivyo hivyo, upende usipende.

MWANAHAWA: Wapeleke, lakini wasikanyage vijia vilivyo kati ya vitanda wakati wa mavuno, kwa sababu vumbi la matairi hutua juu ya zabibu na haliwezi kuoshwa. Na wafike Almáchar Jumamosi ya kwanza ya Septemba, siku ya sherehe ya ajoblanco, supu baridi ya lozi, kitunguu saumu, mkate na mafuta ya zeituni, inayoliwa na zabibu mbichi ndani yake. Kwa mtu aliyetoka kwenye mwinuko wa zege katika upepo wa terral, ule wa moto unaoshuka kutoka bara, hakuna chakula kinachorudisha chumvi na nguvu haraka kama hicho.

IDRISA: Hapo umelitaja somo la nne, ambalo ni lishe, tukiwa tumeruka la pili na la tatu. Fundi wetu wa sauti ananionyesha vidole viwili.

MWANAHAWA: Dakika mbili zinatosha matairi.

IDRISA: Hazitoshi, nina ukurasa mzima.

MWANAHAWA: Nitasema mimi. Kwenye sleti tumia tairi lisilo na tyubu, lenye maji ya kuzibia ndani, na ubavu mnene, kwa maana jiwe la kule hukata ubavuni si chini. Usijaze upepo hadi tairi liwe gumu kama ulivyozoea kwenye lami ya Mombasa, na ukishuka kutoka Comares achia breki kidogo kidogo, kwa kuwa ukiikamata moja kwa moja hadi bondeni itachemka na...

IDRISA: Samahani dada, tunakatwa. Masomo mengine nitayaweka kwa maandishi.

MWANAHAWA: Utayaandika bila mimi? Somo la tatu lina makosa, nililiona hapo mezani.

IDRISA: Somo la tatu liko sawasawa.

MWANAHAWA: Umeandika kwamba kutoka Olvera kwenda Puerto Serrano ni kupanda. Ni kuteremka, kaka, muulize yeyote aliyepita na wewe.