Bati Bila Ukuta: Kagera Baada ya Tetemeko

SUDI: Karibuni tena barazani. Mimi Sudi, niko na dada Koku. Ila leo Koku kaniwekea tofali juu ya meza. Nusu tofali. Wasikilizaji hawalioni, hebu waambie ni la nini.

KOKU: Ni la nyumba ya mama mkubwa wangu, kule Missenyi. Kwaruza hapo pembeni kwa ukucha.

SUDI: Mh! Linamung'unyika kama kashata.

KOKU: Hilo unalokwaruza si tofali, ni udongo uliolishikilia. Tofali lenyewe limechomwa vizuri tu. Nyumba nyingi kwetu zilijengwa hivyo, tofali na udongo, halafu nje unapiga plasta ya simenti ipendeze. Ukipita barabarani unasema hapa pana nyumba.

SUDI: Wahaya na kupendeza!

KOKU: Cheka tu. Lakini Jumamosi ile, tarehe 10 Septemba 2016, saa 9:27 alasiri, ule upendezaji ndio uliotuua. Tetemeko lilikuwa la 5.9. Watu 17 walikufa, ndiyo hesabu iliyotangazwa siku zile, na majeruhi walikuwa mamia.

SUDI: 5.9 si kubwa sana, kitaalamu. Uturuki mwaka 2023 lilikuwa la 7.8.

KOKU: Na huko walikufa zaidi ya watu 50,000. Ndiyo maana nasema kwetu tuulize ukuta kabla ya kuuliza ardhi. Hakuna nondo, hakuna lenta, ule mkanda wa zege na nondo, ya kuzunguka nyumba nzima, udongo umekauka miaka 30. Ukuta ukitikiswa unafunguka kwenye kona. Tushukuru tu ilikuwa Jumamosi mchana. Ihungo na Nyakato zile shule ziliharibika hadi zikafungwa. Fikiria ingekuwa Jumanne asubuhi, watoto wako darasani.

SUDI: Au saa nane usiku mtu kalala. Mimi nakumbuka kesho yake Waziri Mkuu Majaliwa alikuwa Bukoba tayari, watu wakaaga marehemu pale uwanja wa Kaitaba. Rais Magufuli akaahirisha safari ya Zambia. Kenya ikaleta mabati na mablanketi. Yaani wiki ile ya kwanza, tusiseme uongo, watu walijitoa.

KOKU: Walijitoa, sikatai. Sasa nisikilize. Mama mkubwa alipata mabati na mifuko michache ya simenti. Akashukuru, akayapanga chini ya mgomba. Halafu akaniuliza kwenye simu, "Mwanangu, bati bila ukuta naliezeka wapi?"

SUDI: Duh.

KOKU: Kilichoanguka ni ukuta, kilicholetwa ni paa. Na Septemba kwetu mvua ndiyo zinaanza, zinapiga mpaka Desemba. Bibi wa miaka 70 analala chini ya turubai, maji yanapita kwenye mkeka.

SUDI: Kwa nini asingehamia mjini kwa ndugu mpaka mvua ziishe? Nauliza kama mtu wa Tanga.

KOKU: Kibanja, kaka. Nyumba ya Mhaya iko katikati ya migomba, na makaburi ya wazee yako humo humo. Ukiondoka wiki mbili ndizi zinaibiwa, kahawa inaanguka chini. Halafu umwache baba yako kaburini peke yake uende kulala sebuleni kwa watu? Hatoki mtu.

SUDI: Halafu ikaja ile kauli ya Januari 2017.

KOKU: Rais alipokuja Bukoba, ndiyo. Alisema wazi kwamba serikali haitamjengea kila mtu nyumba, michango itaenda kwenye shule, zahanati, barabara.

SUDI: Mimi bado naona alikuwa na hoja. Hela ni ile ile. Ukigawa kwa maelfu ya kaya kila mmoja anapata mifuko mitatu ya simenti. Ukijenga Ihungo, na Waingereza walichangia pale, unapata shule ya miaka 50.

KOKU: Ihungo imejengwa, imependeza, na hii safari ni kupendeza kwa kweli. Hoja yangu ni nyingine. Mtu wa Mbeya aliyetuma elfu tano kwenye simu alikuwa amemwona bibi chini ya turubai kwenye taarifa ya habari. Alimtumia bibi. Kama hela inakwenda kwingine, mwambie kabla hajatuma.

SUDI: Hapo nimekosa jibu. Kwa hiyo nyumba ilijengwa na nani?

KOKU: Sisi. Kikundi cha ukoo kwenye simu, kila mwezi mchango, kelele, fulani hajatoa. Miaka miwili! Na fundi tulimwambia vyumba viwili tu, lakini lenta izunguke. Akasema, "Mnamwaga nondo bure kwa nyumba ya kizee." Tukamsimamia mpaka akaimwaga.

SUDI: Na turubai?

KOKU: Analo mpaka leo. Nembo imefifia, huwezi kuisoma. Anaanikia kahawa. Nilipokwenda nikataka kulikunja nilitupe, limechanika pembeni, akanipiga kofi la mkono. "Liache hapo," akasema, "hilo nimelala nalo mvua mbili."