Jicho Linalowahi Hatari: Kuzoeza Umakini wa Vijana Wenye Wasiwasi

Wazazi wangu, walimu wenzangu, na ninyi vijana mliokaa safu za nyuma, asanteni kwa kuja.

Nianze na binti wa miaka 13 aliyesimama mbele ya darasa kusoma insha yake. Wengi wanamsikiliza. Wawili watatu wanatabasamu. Karibu na dirisha yuko mmoja aliyekunja uso. Huenda ni jua tu linalomchoma machoni. Macho ya binti yanamwendea huyohuyo, yanarudi kwenye karatasi, yanamwendea tena. Sauti inaanza kutetemeka. Jioni mkimuuliza ilikuwaje, atawaambia darasa zima lilimdharau. Wala hasemi uongo. Anasimulia alichokiona.

Tunapomwambia mtoto kama huyu "acha kuwaza sana", tunamwonea. Kabla hajawaza chochote, jicho lake limeshamchagulia cha kuwazia.

Mwaka 1986 mwanasaikolojia Colin MacLeod na wenzake wawili walichapisha kipimo cha kompyuta ambacho mpaka leo kinatumika. Maneno mawili yanatokea kwenye skrini, moja la kutisha, jingine la kawaida. Yanatoweka. Mahali pa mojawapo panatokea nukta, nawe unabonyeza kitufe mara tu uionapo. Wagonjwa wa wasiwasi waliiwahi zaidi nukta iliyotokea palipokuwa na neno la kutisha. Umakini wao ulikuwa umeshatangulia pale.

Likabaki swali gumu: je, mtu huona vitisho kwa sababu ana wasiwasi, au huwa na wasiwasi kwa sababu anaona vitisho? Mwaka 2002 MacLeod na timu yake walikigeuza kipimo kuwa zoezi. Kundi moja nukta iliwatokea upande wa neno la kutisha, kundi jingine upande wa neno la kawaida, mara mamia, mpaka umakini ukazoea njia. Kisha wote wakapewa mafumbo magumu ya herufi. Waliozoezwa kuvielekea vitisho walifadhaika zaidi kuliko wenzao. Kwa hiyo mazoea ya umakini si dalili tu ya wasiwasi, nayo huulisha. Na kinachozoewa kwa marudio, kwa marudio hubadilika.

Kwa nini nawasumbua kuhusu vijana? Shirika la Afya Duniani linasema theluthi moja ya matatizo ya afya ya akili huanza kabla ya miaka 14 kutimia, na nusu kabla ya miaka 18. Nayo sehemu ya mbele ya ubongo, inayosaidia kutuliza hofu na kuongoza umakini, huendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu. Ni umri wa kuwahi.

Sasa niseme ukweli, maana wapo wanaouza programu za simu zenye mazoezi kama haya kana kwamba ni dawa. Uchambuzi wa mwaka 2015 uliokusanya majaribio ya mazoezi ya aina hii kwa watoto na vijana haukuona nafuu ya maana katika afya yao ya akili. Kipimo chenyewe cha nukta kinayumba: mtu yuleyule leo anapata hivi, kesho vile. Na kinachosha jamani! Kijana akifika nukta ya mia mbili, kidole kinabonyeza, akili imeshaondoka. Hatuwezi kumzoeza mtu umakini kwa kitu kinachomnyima umakini.

Ndiyo maana mimi navutiwa zaidi na zoezi la kutafuta. Nyuso 16 kwenye skrini, 15 zimenuna, moja inatabasamu. Itafute, ibonyeze, zinakuja nyingine. Hapa kijana hafundishwi kukimbia kibaya. Anafundishwa kwamba kizuri kipo, na kwamba anaweza kukiendea mwenyewe hata kikiwa kimezungukwa. Hilo nalo bado linahitaji majaribio makubwa, na halichukui nafasi ya mshauri nasaha. Mtoto asiyelala, anayekwepa shule au anayezungumzia kujidhuru, msimkalishe mbele ya kompyuta. Mpelekeni kwa mtaalamu leo hii.

Naomba taa zipunguzwe kidogo. Ninyi wa nyuma, sogeeni muone vizuri. Nitaonyesha nyuso 16 ukutani. Ukiuona unaotabasamu, inua mkono, usimwonyeshe jirani. Na ukiona jicho lako limeng'ang'ania uso mmoja ulionuna, usijilaumu. Ukumbuke tu ni upi, tutauzungumzia. Tayari?