Alama za Mpira Kwenye Mti: Kuthibitisha Magongo ya Zamani ya Besiboli

REHEMA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Leo tunazungumzia magongo ya besiboli yaliyotumiwa uwanjani na wachezaji wa ligi kuu ya Marekani enzi za mpigaji mashuhuri Babe Ruth, na msikilizaji wa Tanzania asije akadhani tumehamia kwenye pombe. Kaka Juma, mtu akiniletea gongo lililochomwa sahihi ya Ruth, kwa nini nisimwamini?

JUMA: Kwa sababu sahihi ndiyo ushahidi dhaifu kuliko wote, dada yangu. Mwaka 1905 mchezaji Honus Wagner aliiruhusu kampuni ya Louisville, Kentucky, inayojulikana kwa magongo ya Louisville Slugger, kuitumia sahihi yake, na tangu hapo watoto wengi mno wamenunua dukani magongo yenye majina ya mashujaa wao. Anza na kitako, yaani ncha ya mpini. Gongo la dukani mara nyingi limegongwa pale tarakimu ya urefu kwa inchi, kwa mfano 34, ilhali la mchezaji wa ligi kuu kwa kawaida halina tarakimu hiyo.

REHEMA: Tuseme kitako hakina kasoro.

JUMA: Basi unaisoma chapa ya katikati, yaani nembo ya kiwanda iliyochomwa kwenye gongo. Maneno yake na mpangilio wake vilibadilika mara kwa mara, kwa hiyo mjuzi huweza kulifungia gongo ndani ya miaka michache. Kisha unalipima na kulilinganisha na kumbukumbu za kiwanda, ambazo tangu mwaka 1930 zinaonyesha mchezaji fulani alipelekewa magongo ya muundo gani, urefu gani na uzito gani. Muundo huandikwa kwa herufi ya kwanza ya jina la ukoo pamoja na namba, kama R43 ya Ruth. Uzito usiulinganishe kwa ukali mno, maana mti wa zamani hukauka na kupungua.

REHEMA: Hata hivyo, daftari la kiwanda linathibitisha kwamba gongo lilitengenezwa, halithibitishi kwamba lilipiga mpira.

JUMA: Hapo ndipo macho yanapofanya kazi. Mpigaji alifundishwa kuielekeza chapa juu ili mpira ugonge upande ambao nyuzi za mti zina nguvu, yaani robo mzunguko kutoka kwenye chapa. Lisimamishe gongo, sehemu nene ikiwa juu na chapa ikikutazama: anayepiga kwa upande wa kulia ataacha alama kushoto kwako, na Ruth, aliyepiga kwa upande wa kushoto, ataziacha kulia. Ukimulika taa kwa pembeni utaona hata vijishimo vya mishono ya mpira. Alama zikiwa zimetapakaa kila upande, mimi huwaza watoto wa mtaani kabla ya kumwaza Ruth.

REHEMA: Na bado hujajua ni mikono ya nani iliyolishika.

JUMA: Hujajua. Ndiyo maana nayapenda kuliko yote magongo yaliyoandikwa ubavuni. Mchezaji aliyetaka jingine kama lile lililovunjika alilirudisha kiwandani, na mfanyakazi akaandika juu yake, kwa kalamu ya nta, jina la mchezaji na tarehe lilipopokelewa. Yule mfanyakazi alikuwa akitimiza oda tu. Hakuwa na sababu ya kumdanganya mkusanyaji ambaye hata hakuwa amezaliwa.

REHEMA: Lakini gongo ghali la Ruth tunalolisikia kila mara ni la 1923, kabla ya kumbukumbu hizo za 1930.

JUMA: Naam, lile alilopigia mpira wa kwanza kuvuka uzio katika uwanja wa Yankee Stadium, New York, tarehe 18 Aprili. Lenyewe lilijibebea hati: Ruth aliliandika kwa mkono wake na kulituma Los Angeles liwe zawadi ya shindano la gazeti kwa vijana wa shule, na mshindi akakaa nalo. Mwaka 2004 liliuzwa kwenye mnada wa Sotheby's kwa dola 1,265,000.

REHEMA: Kwa hiyo wino wa yule Ruth aliyelitoa bure ndio uliolipandisha bei.

JUMA: Wino, pamoja na alama za mpira upande wa kulia wa chapa. Mimi ningeanza kuzitazama hizo kabla sijausoma wino.