Taa za Jiji Zinadanganya

REHEMA: Karibuni tena, wapenzi wasikilizaji. Leo tunatoka mjini kwa miguu, tunalala hemani, kesho yake tunarudi. Mimi ni Rehema, niko na kaka yangu Sefu.

SEFU: Ahsante, dada. Leo nina jambo limenikaa moyoni. Watu wakienda mlima wa mbali hujiandaa wiki nzima. Wakienda vilima vya nje ya jiji, chupa moja ya maji na simu, basi. Wanasema ni hapo tu.

REHEMA: Si ni hapo tu kweli?

SEFU: Kwa gari. Mguu ukiteguka usiku, hapo ni mbali mno. Usiku wangu wa kwanza porini nilikuwa naziona taa za jiji kutoka kilimani, nikajiona kama niko nyumbani. Nilikuwa na hema na shuka moja. Nikashuka bondeni, nikakuta majani laini kando ya kijito, pametulia, nikapigilia vigingi. Kufika saa nane usiku, meno yanagongana.

REHEMA: Umelala kwenye bakuli la baridi.

SEFU: Hasa. Hewa ya baridi ni nzito. Usiku usio na mawingu huteremka kama maji na kujikusanya bondeni. Ningepanda kidogo tu, nikatafuta mahali tambarare kwenye mteremko, ningelala vizuri zaidi. Na chini nako! Shuka imenifunika juu, huku udongo unaninyonya joto mgongoni.

REHEMA: Hapo naomba nisisitize, maana naulizwa sana. Kama unaweza kupata kimoja tu kwa sasa, anza na godoro la sponji la kutandika chini. Mfuko wa kulalia hata uwe mnene, ukiulalia unabonyea, hewa inatoka, na hewa ndiyo inayotunza joto.

SEFU: Alfajiri nikagusa ukuta wa hema kwa kiwiko, maji yakatiririka mpaka shingoni. Nikadhani limevuja. Kumbe ni pumzi zangu mwenyewe: nilifunga zipu zote, mvuke ukakosa pa kutokea.

REHEMA: Acha matundu ya hewa wazi, hata kukiwa na baridi. Sasa mwendo. Mwaka 1892 mpanda milima Mskoti, William Naismith, alitoa kanuni inayotumika mpaka leo: saa moja kwa kila kilomita 5, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa hiyo kilomita 10 zenye mita 600 za kupanda ni saa 3, hujapumzika, hujapiga picha.

SEFU: Na hiyo ni kwa mtu mwenye nguvu. Nikiwa na begi zito huwa naongeza nusu ya muda. Nataka hema lisimame jua lingali juu.

REHEMA: Maji je? Mimi kwa vijito vya karibu na jiji sina imani kabisa.

SEFU: Una haki. Kuchemsha kunaua vijidudu: dakika moja ya kutokota, au 3 ukiwa juu ya mita 2,000. Lakini dawa za mashambani na uchafu wa viwandani haviondoki kwa moto. Karibu na jiji, beba maji yako, uzito uuvumilie.

REHEMA: Simu nayo, mtandao ukiwa hafifu, inahangaika kuutafuta mpaka chaji inaisha. Iweke hali ya ndegeni, iwashe unapoihitaji. Na filimbi shingoni. Kule Alps, milima ya Ulaya, alama ya dharura ni mipigo 6 ndani ya dakika moja, unatulia dakika moja, unarudia. Atakayekusikia anajibu kwa mipigo 3.

SEFU: Na kabla ya yote, mtu aliyebaki nyumbani ajue njia utakayopita na saa ya kurudi. Dada yangu mdogo namwandikia kwenye karatasi, naibandika jikoni.

REHEMA: La mwisho, kaka. Mashamba ya nje ya jiji yana wenyewe.

SEFU: Yana wenyewe, dada. Bisha hodi, omba ruhusa kabla ya kupiga kambi. Haja kubwa, chimba shimo la sentimita 15 hadi 20, mita 60 kutoka kwenye maji, ufukie. Mahali panapofikika kirahisi panapokea watu kila wiki, kila mmoja akiacha kidogo, panaharibika. Juzi nilipokunja hema nilichuchumaa, nikawa nayanyanyua majani niliyoyalalia, moja moja, kwa vidole.

REHEMA: Yalisimama?

SEFU: Ya pembeni, ndiyo. Pale ulipokuwa mgongo wangu, yalibaki yamelala.